Njia Nyepesi za Baba Ali

Jumamosi, 6 Septemba 1997

Daktari kasema mume wangu atembee. Kila siku, kidogo kidogo, mahali tambarare, asubuhi kabla jua halijachoma. Alisema hivyo huku anaandika, hata hakuinua uso. Kama anayemwambia mtu anywe maji. Mahali tambarare! Huku kwetu kila njia ama inapanda ama inashuka.

Ramzi amefurahi. Nimeona ule upande wa uso wake ambao bado unacheka. Mimi nimerudi nyumbani nikihesabu mawe ya njiani.

Tangu Februari, kiharusi kilipomwangusha pale buchari, kisu mkononi, sijapata raha. Mguu wa kulia anauburura. Mkono wa kulia umelala. Maneno yanamtoka yakiteleza – mimi nayaelewa, wengine mpaka niwafasirie. Mwanamume aliyekuwa akibeba nusu ng'ombe begani, akiita wateja mpaka upande wa pili wa soko wanageuka! Tulihama mjini kuja huku Katelembo kwa sababu ya utulivu. Utulivu gani? Kikianguka kifuniko cha sufuria, moyo unanitoka.

Akianguka njiani, nitamwinua vipi?

Jumatatu, 8 Septemba

Mutindi amekuja. Jirani yetu huyu alikuwa mwalimu, amestaafu, ana sukari. Habari za daktari amezisikia sijui wapi. Kakata shauri palepale, akiwa bado mlangoni: tutembee kikundi. Yeye, sisi wawili, na Bartholomew – yule mzee aliyekuwa karani wa korti, mwenye goti bovu. Kila Jumamosi pamoja, siku nyingine kila mtu na mtu wake.

Nikauliza, nani atapanga njia?

Ati mimi. "Wewe Mama Ali ni mwoga. Mtu mwoga anaona kila jiwe."

Akacheka. Ramzi pia akacheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimezunguka peke yangu asubuhi, daftari hili kikapuni.

Njia ya kupitia mashamba ya kahawa: hapana. Kuna fahali pale, kafungwa kwa kamba ambayo mimi nisingeianikia hata shuka. Amenitazama. Nimerudi kinyumenyume mpaka barabarani.

Njia ya bwawani: hapana. Udongo mfinyanzi, unateleza hata bila mvua. Na wanawake wanaofua wameniambia waliona chatu. Labda walikuwa wananitania. Sikukaa kuuliza.

Njia ya nyuma ya shule: mbwa. Watatu. Nimepoteza kiatu.

Ramzi kaniuliza jioni nimepata nini. Nikamwambia natafuta bado. Akasema neno moja tu, polepole, akilisukuma kwa ulimi: "Haraka."

Jumapili, 14 Septemba

Nimepata! Alhamdulillahi, nimepata.

Mtoni. Watu wanapaita Kithangathini, yaani penye mchanga, na ni kweli. Mto wenyewe hauna maji, umekauka kabisa. Mchanga mweupe, mpana kama barabara ya lami, umetandazwa mpaka kule kwenye kona. Hakuna gari. Hakuna mbwa. Hakuna jiwe. Kingo zimesimama pande zote mbili kama kuta, kwa hiyo hata upepo haufiki. Na akianguka – ameangukia mchanga. Ni kama godoro.

Nimetembea mpaka kwenye kona na kurudi. Kuna mahali pazuri pa kupumzika ng'ambo, chini ya boma la mama mmoja anaitwa Kamanthe. Amenipa maji kwenye kibuyu bila kuniuliza mimi ni nani.

Na yuko mtu anayechimba mchanga, Musembi, anapakia malori. Nimemuuliza kuhusu maji. "Mama, hii mto imelala. Haiamki mpaka Novemba, na hata Novemba inaamka kidogo tu."

Nimeketi pale mchangani. Kwa mara ya kwanza tangu Februari, nimeketi bila kuogopa chochote.

Jumamosi, 20 Septemba

Matembezi ya kwanza. Bartholomew amekuja na tai! Na redio ndogo mfukoni, inaimba yenyewe. Mutindi na mwavuli. Watu wakaacha kulima kututazama – wazee wanne wanashuka mtoni bila mtungi, bila ng'ombe, wanaenda wapi? Mutindi akawapigia kelele: "Tunatembea tu!" Wakazidi kushangaa.

Mimi nilimshika Ramzi mkono njia nzima. Jasho likanitoka mimi, si yeye. Tuliporudi nikageuka kutazama nyuma. Nyayo zetu zote zinaonekana mchangani, na katikati mstari mmoja mrefu usiokatika. Mguu wake.

Nikafuta machozi kabla hajaona.

Jumanne, 30 Septemba

Tunaenda kila siku sasa. Leo nimeangalia nyuma tena – mstari umekatika! Mahali pengi. Mstari, nafasi, nyayo, mstari, nafasi. Anaunyanyua mguu! Nimemwonyesha. Akasimama akautazama mchanga kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua kutoka kwa ndugu.

Kisha akauondoa mkono wangu begani kwake. Kwa upole. Lakini akauondoa.

Nimetembea nyuma yake nikiwa nimenyoosha mikono yote miwili, kama mama anayemfuata mtoto. Kamanthe alikuwa juu kwake akicheka.

Ijumaa, 3 Oktoba

Bartholomew kaleta habari za redioni. Inakuja mvua, ati inaitwa El Nino. Mutindi akauliza huyo ni mchezaji wa mpira wa wapi. Wakacheka mpaka Bartholomew akashika goti lake.

"Hawa watu wa hali ya hewa," akasema, "mwaka jana walituambia mvua iko karibu, tukapanda, mahindi yote ikakauka. Leo wanataka tujenge safina."

 Yeye aliyeleta habari ndiye anayezicheka.

Baadaye nilipanda kwa Kamanthe kumwuliza. Alikuwa anapepeta choroko. Akasema mama mkwe wake aliwahi kuuona mto huu ukichukua ng'ombe, wakiwa wamesimama. Nikamwuliza, mvua ilikuwa kubwa? Akasema hapa haikunyesha. Hapa watu walikuwa wameanika nguo. Mvua ilinyesha kule – akaelekeza ungo Mua, vilimani. "Maji inatoka huko bila kubisha hodi."

Nikamwambia Musembi amesema mpaka Novemba.

"Musembi anauza mchanga," akasema. Akaendelea kupepeta.

Jumanne, 7 Oktoba

 Nimeshuka mtoni peke yangu kabla Ramzi hajaamka vizuri.

Nimeziangalia kingo. Karibu mwezi mzima nimezipita nikiziona kuta za kutukinga upepo. Leo nimezitazama kama mtu aliye ndani ya shimo. Mahali pa kupandia ni pawili tu – huku kwetu, na kule kwa Kamanthe. Katikati yake ni gema tupu, limesimama wima. Mimi mwenyewe siwezi kupanda pale. Sembuse yeye.

Halafu nikaona nyasi. Nyasi kavu na vijiti, vimenasa kwenye matawi ya mgunga unaoinamia mto. Nikajiuliza ni ndege gani hujenga hovyo hivi. Nikaangalia mti wa pili – zipo. Wa tatu – zipo. Zote kimo kimoja. Juu ya kichwa changu. Nikanyoosha mkono, sikuzifikia.

Si ndege. Ni maji.

 Sijui nilipandaje mpaka juu. Na mchanga ule umenyamaza vilevile, mweupe, mzuri, kama siku ya kwanza.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimebadilisha njia. Nimewapeleka juu, ile ya ukingoni inayopita kando ya katani. Nimewaambia mchangani kuna joto sana siku hizi. Uongo mtupu, asubuhi yenyewe ilikuwa na baridi.

Ramzi amejikwaa kwenye mzizi. Ameanguka kwa goti na kiganja kizuri, damu. Bartholomew akashindwa kuinama, Mutindi na mimi ndio tuliomwinua, alikuwa mzito kama mlango. Hakulia wala hakulalamika. Alitazama tu kule chini, mchangani.

Kurudi, mguu alikuwa anauburura tena.

Basi nikawaeleza ukweli. Nyasi juu ya miti. Maneno ya Kamanthe. Nikawaambia pia kuhusu nyoka kwenye katani, na gogo bovu lililolala njiani, na njia ya kanisani ambako mawe yanapo –

Mutindi akanikatiza. "Mama Ali. Wewe unapanga matembezi ama unapanga mazishi?"

Hakuna aliyecheka mara hii. Hata yeye.

Jumatatu, 13 Oktoba

Hatukutoka. Goti limevimba. Ameketi kibarazani ameupa ukuta uso.

Jumanne, 14 Oktoba

Hatukutoka.

Ali amekuja jioni kutoka Mlolongo anakofanya kazi gereji, kaleta dawa za presha za baba yake. Akamkuta hivyo hivyo. Aliponiaga langoni aliniambia taratibu, "Mama, mwachilie mzee kidogo." Nikamjibu, wewe hukumwona sakafuni pale buchari. Mimi nilimwona. Akafunga lango, akaondoka.

Alhamisi, 16 Oktoba

Leo tumegombana. Kama zamani! Tofauti ni kwamba zamani alikuwa anamaliza sentensi mimi nikiwa bado natafuta neno.

Alianza yeye. Akasema "mtoni". Nikasema hapana. Akasema "mtoni" tena. Nikasema goti. Akaligonga goti kwa ngumi ya kushoto kuonyesha limepona. Nikasema mvua. Akaonyesha mbingu – safi, bluu, hata unyoya wa wingu hakuna. Nikasema kama hujali maisha yako, jali yangu mimi nitakayebaki.

Akashusha mkono. Nikadhani nimeshinda. Kumbe alikuwa anapanga maneno. Yalimchukua muda, na aliyatoa moja moja, kama anayetoa mawe kwenye mchele:

"Firdaus. Mguu haujanichosha. Hofu yako ndiyo imenichosha."

Nilienda jikoni nikawasha jiko ambalo sikuwa na la kupika.

Nimerudi nikamwambia: sawa. Jumamosi hii. Moja tu, halafu mto basi mpaka mvua zipite. Na nikiona wingu hata la kiganja, tunageuka.

Kacheka. Upande wote mmoja.

Ijumaa, 17 Oktoba

Baada ya sala ya adhuhuri nimetoka uani kutazama. Kwetu jua. Kule Mua kuna weusi fulani. Mbali.

Nimemwonyesha. Akasema ni moshi, wanachoma mkaa.

Labda ni moshi. Ya Rabi, uwe moshi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Naandika nikiwa nimesimama. Daftari lilikuwa kikapuni, na nisipoandika nitapiga kelele, na nimeshapiga mpaka sauti imekwisha. Mwandiko mbovu. Sijali.

Tulishuka baada ya chai. Mutindi hakuja, mjukuu wake anaumwa. Watatu tu – Ramzi, Bartholomew na mimi. Jua. Mbingu safi juu yetu. Nilitazama Mua kabla ya kushuka: weupe, ukungu wa asubuhi, basi. Musembi alikuwa akichimba karibu na njia ya kushukia, akatusalimia, "Karibuni, mlipotea!" Nikamwuliza mto. "Bado imelala, mama."

Ramzi alitangulia. Hakutaka kushikwa. Na mguu – jamani, ule mguu! Ulikuwa unanyanyuka. Sikuona mstari kabisa. Kabla hatujamwacha Musembi mbali, Bartholomew akasema goti limekataa, akaketi mchangani, redio ikiimba. Nikasimama naye. Kisha nikasogea mbele hatua chache, nikamwita Ramzi asubiri. Akainua mkono wa kushoto bila kugeuka, akaendelea, akiukata mto kuelekea kwa Kamanthe tunakopumzikaga.

Nilimtazama mgongo. Mgongo wake ule wa zamani, wa kubeba nyama. Nikasahau kuogopa. Wallahi, kidogo tu, nikasahau.

Ndipo nikasikia lori. Nikadhani ni lori la mchanga linakuja kupakia. Lakini sauti haikutoka barabarani. Ilitoka konani. Kisha baridi ikanipiga usoni na harufu ya udongo uliolowa, na hapa hapajanyesha tone!

Musembi alitupa sepetu. "Kiw'u! Mama, tokeni! Maji! Kiw'u!"

Haikuwa maji kwanza. Ilikuwa takataka – vijiti, povu, mabua ya mahindi, ukuta mfupi wa takataka unaobiringika kwenye mchanga mkavu, si mrefu kuliko goti. Nakumbuka nikiwaza: mbona mdogo? Nyuma yake ndipo nikaona ule wa pili.

Ramzi mbele yangu, bado mchangani. Bartholomew nyuma yangu, ameketi.

Nilikimbia. Nilikimbia nyuma.

Sikuamua. Miguu iligeuka yenyewe. Nikamkamata Bartholomew shati, Musembi akamkamata mkono, tukamburuta mpaka kwenye njia ya kupandia, na maji yakanichukua viatu nikiwa nimeshafika juu ya mawe. Redio imekwenda. Bartholomew alikuwa anasema kitu. Sikusikia.

Nikageuka. Mchanga haupo. Hakuna njia, hakuna kona, hakuna chochote tulichokuwa tukikanyaga. Maji mekundu toka ukingo mpaka ukingo, na miti mizima inapita ndani yake. Na Ramzi hayupo.

Nilipiga kelele jina lake. Nilipiga, nilipiga. Musembi alinishika kanga kwa nyuma nisiende.

Halafu Bartholomew: "Yule! Mama Ali, yule pale!"

Ng'ambo. Amekumbatia mzizi kwa mkono mmoja, maji kifuani. Mkono mmoja! Nikamwona anajivuta. Anapumzika. Anajivuta. Hakuna aliyemsaidia, Kamanthe leo kaenda soko. Alitoka majini kama anayezaliwa, akalala kifudifudi ukingoni, na mimi nikaketi chini palepale.

Yu hai. Naandika tena nilione neno: yu hai.

Lakini yuko ng'ambo. Daraja liko huko kwenye lami, mbali. Musembi amemtuma mtu na baiskeli azunguke, na mwingine sokoni kutafuta kamba. Watu wamejaa huku sasa, kila mmoja ana la kusema. Mmoja anasema mto utashuka kabla ya jioni. Mwingine anasema mpaka kesho, mvua ya Mua bado inanyesha. Mwingine ananiuliza ni nani aliyewaleta wagonjwa mtoni. 

Bartholomew hataki kuniachia mkono. Tai imemganda shingoni. Mara kwa mara anasema, "Ungeniacha mimi, Mama Ali. Mimi sina mtu." Ninamwambia anyamaze. Siwezi kumtazama.

Kwa sababu Ramzi aliniona. Najua aliniona. Wakati nageuka, alikuwa amegeuka na yeye, kwa ile sauti, na macho yetu yakakutana. Kisha nikampa mgongo.

Sasa ameketi ukingoni, ananitazama. Mdomo wake unafunguka na kufumba. Anaita. Sauti ile iliyokuwa inavuka soko zima haivuki hapa. Ameinua mkono wa kushoto, kautuliza hewani. Sielewi. Ananiambia nimepona? Ananiambia kaa hukohuko? Ama ananiuliza? Miezi yote hii mimi ndiye ninayemfasiria kwa watu, na leo sielewi!

Matone yameanza hapa pia. Makubwa.

Ukingo unamong'onyoka. Kipande kikubwa kimekwenda sasa hivi, palepale niliposimama nikianza kuandika. Musembi anatusukuma turudi nyuma. Tumerudi. Kule kwake nako kumekatika – nimeona udongo ukiondoka chini ya miguu yake – akajisukuma nyuma kwa makalio na mkono, kidogo, kidogo, bila kuutazama mto. Ananitazama mimi. Nyuma yake ni ule mpando wa kwa Kamanthe, udongo mtupu, na mvua inaulowesha.

Kimekwenda kingine. Tumerudi tena. Naye amerudi. Nikienda nyuma, naye anaenda nyuma. Uso wake sasa siuoni vizuri, naona shati tu.

Nimeinua mkono wangu, nimeutuliza kama yeye. Sijui kama anaelewa nasema nini. Mwenye kamba bado hajaonekana. Wanapiga kelele turudi, turudi, hapa pia panapasuka, Bartholomew ananivuta, na Ramzi anajaribu kusimama. Nafunga daftari hapa, nahitaji mikono yote miwili.